Tahakiki ya Kitabu cha Maalim

Kitabu kilinifikia kimefungwa kwa karatasi ya gazeti na uzi wa usumba. Nilijua ni cha nani kabla sijakifungua. Mwandishi wake alikuwa mwalimu wangu. Yeye ndiye aliyenifundisha hesabu na jiografia, yeye ndiye aliyekwenda kwa baba yangu kumsihi asinitoe skuli nikakae dukani, na yeye ndiye aliyenisindikiza bandarini siku niliyoondoka kwenda kusoma Kampala. Sasa nilikuwa nimerudi na shahada yangu, nafundisha katika chuo cha ualimu hapa mjini, na mhariri wa gazeti la walimu alitaka niandike tahakiki ya kitabu cha mtu huyo.

Mhariri mwenyewe alikuwa mwalimu mkuu wa skuli moja ya Mji Mkongwe, mtu wa mzaha hata pale pasipostahili mzaha.

"Kurasa mbili," alinambia. "Sema kinahusu nini, kizuri wapi, kibaya wapi, basi. Nataka tahakiki, sitaki khitma. Kamati ya vitabu inangoja maneno yako."

"Maneno yangu mimi?"

"Ya nani tena? Wewe umesoma, na wewe umefundisha kule shamba. Kamati haina mtu mwingine aliyekaa kule akarudi na akili zake."

Alicheka. Mimi sikucheka. Kamati hiyo ndiyo iliyokuwa ikichagua vitabu vya kusomeshea walimu wapya. Ikikikubali kitabu cha Maalim, kila kijana atakayepelekwa kufundisha shamba angepita kwanza mikononi mwake. Ikikikataa, nakala zingebaki kwenye makasha chumbani kwake mtaani Malindi, ziliwe na mchwa. Maalim alikuwa amestaafu. Kitabu hicho alikifanyia kazi miaka yake ya mwisho ya ualimu na miaka yote iliyofuata. Hakuwa na kingine, na kwa miguu yake ilivyokuwa ikivimba, hakuwa na umri wa kuandika kingine.

Nilikisoma mara ya kwanza kwa furaha. Kilihusu watoto wa shamba na skuli zao: wanaamka saa ngapi, wanafanya nini nyumbani kabla ya kengele, wanahesabu vipi karafuu kwa pishi kabla hawajajifunza kuhesabu kwa tarakimu. Sura ya michezo yao ilinifanya nicheke peke yangu. Niliandika sifa pembeni mwa kurasa kwa penseli, nikafurahi kwamba kazi ingekuwa nyepesi. Kisha nikafika kwenye sura ya mahudhurio.

Humo Maalim alieleza kuwa hakuyaamini madaftari ya mahudhurio. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mwalimu wa shamba, na alijua daftari linavyojazwa mkaguzi akitarajiwa. Kwa hivyo aliamua kwenda mwenyewe, kusimama mlangoni mwa darasa na kuhesabu kwa macho yake. Alikwenda katika kijiji kimoja cha kusini, pwani ya mashariki, mara nyingi na kwa misimu tofauti, na kila alipokwenda alikuta nusu ya mabenchi ni matupu. Akahitimisha kwamba wazazi wa kule hawajaiona faida ya skuli, na kwamba ingefaa madarasa ya juu yaondolewe kule, yasogezwe karibu na mji, kwa watu wanaoyataka.

Kijiji hicho ndicho nilichofundisha mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Mabenchi yale nayajua. Yalikuwa yakijaa mpaka watoto wengine wakikaa chini.

Siku nilipofika kule, nilipangiwa kukaa kwa bibi mmoja mjane ambaye nyumba yake ilikuwa ubavuni mwa skuli. Nililetewa wali, pweza wa nazi, madafu, na birika la kunawia lenye nakshi. Nikaenda darasani nikakuta watoto wachache, nikasononeka. Nilijiuliza nimewakosea nini na bado hawajaniona. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na usingizi ukanipotea kwa kufikiri kwamba huenda watu wa kijiji hawataki mwalimu kijana, au hawataki mwalimu kutoka mjini, au wamesikia habari zangu ambazo mimi mwenyewe sizijui. Siku ya tatu nikaletewa muhogo wa kuchemsha na kipande cha samaki. Darasa likajaa.

"Bibi," nilimuuliza, "juzi na jana watoto walikuwa wapi?"

"Walikuwa wakikupikia wewe," alinijibu. "Huyu pwani kuchokoa pweza, huyu juu ya mnazi, huyu kuni, yule kenda kwa sheha kuazima birika. Ulidhani wali umeota jikoni?"

"Na leo?"

"Leo ushakuwa mtu wetu. Mgeni siku mbili, mwalimu. Ya tatu mpe jembe. Kamalize muhogo wako uende kazini."

Baadaye niliona kuwa ndivyo ilivyokuwa kila alipokuja mkubwa yeyote kutoka mjini. Salamu zikitangulia kwamba kesho anakuja mkaguzi, kijiji kizima kilishughulika, na darasa likawa tupu kabla mgeni hajateremka garini. Nilimlalamikia bibi. Akanambia, "Ukitaka watoto wako wasome, mwambie mkubwa wako aje keshashiba."

Maalim hakuwa mtu wa kumwingilia mtu ghafla. Nilimjua. Alikuwa akipeleka salamu kwa dereva wa gari la abiria siku kabla ya safari, kwa adabu, ili wenyeji wasifedheheke kwa kukutwa hawana kitu. Na kwa adabu hiyo hiyo hakukaa sana. Alilala kijijini usiku mmoja tu, kisha siku ya pili akarudi mjini asiwe mzigo. Hakupata kufika siku ya tatu hata mara moja. Watoto aliokuwa akiwahesabu kuwa hawapo walikuwa jikoni na pwani wakimtafutia chakula chake. Na wale watu, kwa adabu yao wao, wasingemwambia hata angeuliza. Nani amwambie mgeni kuwa ujio wake umemtoa mtoto skuli?

Nilikaa na karatasi mbele yangu. Niliandika: "Sura hii ina kosa." Nikaifuta. Niliandika: "Huenda sura hii ina kosa." Nikaongeza "kwa kiasi fulani". Nikaongeza "kwa maoni ya msomaji mmoja". Mwisho sentensi ikawa ndefu kama kamba ya ng'ombe, na haisemi kitu. Nilipojaribu kuandika waziwazi, niliona mkono wa Maalim ukinishika mkono wangu kwenye ubao, nikiwa mdogo, akinifundisha kuchora ramani ya kisiwa. Nilipojaribu kunyamaza, niliona madarasa ya juu yamefungwa na bibi yule kasimama mlangoni anatazama kiwanja kitupu. Nikafikiri kumrudishia mhariri kitabu na kusema naumwa. Kisha nikafikiri kwamba nikisema naumwa nitaumwa kweli.

Lilikuwapo pia jambo jingine lililonisumbua. Kule Kampala tulifundishwa kuwa mtahakiki hamwonyeshi mwandishi anachoandika mpaka kichapishwe, maana akimwonyesha ataanza kumwandikia yeye badala ya msomaji. Niliikubali kanuni hiyo nilipokuwa kule. Lakini hapa nyumbani, kuandika juu ya mwalimu wako gazetini bila kupanda ngazi zake kwanza na kukaa mbele yake ni jambo ambalo sikujua nitalibebaje. Nilizunguka nalo siku kadhaa. Nilifika Malindi mara mbili, nikapita mlango wake mpaka kwenye maghala ya bandari, nikasimama kwenye harufu ya mbata na papa mkavu, nikarudi nyumbani. Mara ya tatu nilibisha hodi kabla sijajiuliza.

Mkewe alinifungulia. "Karibu, baba. Maalim yuko juu. Miguu inamsumbua leo, lakini atafurahi kukuona. Siku hizi umekuwa mtu mkubwa, huonekani."

"Nipo, Bi Mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Pita juu."

Maalim alikuwa kwenye kiti kirefu karibu na dirisha, miguu ameiweka juu ya mto. Nilimwamkia, nikambusu mkono. Aliniuliza habari za chuo, habari za nyumbani, kama ninakula. Nilijibu vizuri yote. Kisha akatazama karatasi nilizozishika.

"Ndizo hizo?"

"Ndizo, Maalim."

"Soma, basi. Mbona unazikunja? Umezikunja mpaka zimekuwa hirizi."

Nilisoma. Sehemu ya sifa niliisoma kwa sauti nzuri. Nilipofika kwenye sura ya mahudhurio nilisoma mbiombio mpaka mwisho. Nilikuwa nimeandika wazi safari hii: kwamba mwandishi alihesabu kwa uaminifu, lakini alihesabu siku za wageni, na mgeni alikuwa yeye.

Nje wachukuzi walikuwa wakiitana kwa mikokoteni yao. Aliponena, hakunitazama.

"Miaka yote ile nimekwenda kule. Nimekula nao. Mbona hawakunambia?"

"Wangekwambiaje, Maalim?"

"Wangenambia! Mimi si mkaguzi. Mimi si mzungu. Wananijua." Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Na wewe unajua nini? Umekaa mwaka mmoja. Nipe hizo karatasi nizisome mwenyewe. Miwani yangu iko wapi?" Aligeuza shingo kuelekea kwenye ngazi, akamwita mkewe. "Mama! Niletee miwani!"

Hakukuwa na jibu. Akaita tena kwa nguvu zaidi. "Mama! Huko chini hakuna mtu?"

Sauti ya jirani ikapanda kutoka uani. "Hayupo, Maalim! Katoka! Kenda kumtafutia mgeni mkate wa ufuta!"

"Mgeni gani?" Maalim alipiga kelele. "Hapa hapana mgeni!"

Kisha akanitazama. Nami nilikuwa nimetazama chini, kwenye mkeka. Nyumba nzima ilikuwa kimya, na mimi, niliyekuwa nikila ukoko jikoni mle tangu utotoni, nilikuwa nimemtoa mke wake nyumbani kwake.

Alininyooshea mkono. Nilidhani amekasirika. Alipokea karatasi, akaziweka mapajani bila kuzisoma, akapitisha kiganja juu yake kama mtu anayenyoosha nguo.

"Umekuja kuniomba nini?" aliniuliza mwisho.

"Radhi, Maalim. Na ukisema nisiipeleke, sitaipeleka."

"Radhi unayo. Hilo la pili usinirushie mimi." Alinirudishia karatasi. "Unaogopa, unataka mimi nikuamulie ili nikikataa uwe mwanafunzi mwema, na nikikubali uwe mtahakiki mwema. Siamui. Kalamu ni yako."

Mkewe akarudi na mkate wa moto wenye ufuta, na chai, na akanilazimisha kula. Maalim hakugusa. Alikuwa akiutazama ule mkate.

Nilimpelekea mhariri tahakiki siku ya pili yake, kabla sijapata nafasi ya kuongeza "huenda". Ilichapishwa kama ilivyo. Kamati ikakaa, na habari ikanifikia kwamba kitabu kimewekwa kando, kisubiri. Hawakusema kisubiri nini. Mjini hapa habari haihitaji miguu. Nilipopita barazani nilisikia mtu akisema, si kwa siri, "Huyo ndiye aliyemla mwalimu wake." Mwingine akajibu, "Mwache, wasomi wa bara hawahitaji kitoweo kingine." Walicheka. Niliwaamkia wakaniitikia vizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilidhani Maalim hatataka kuniona tena. Baada ya siku chache alinitumia salamu nijitayarishe, tunakwenda shamba.

Mkewe hakutaka. "Kwa miguu hiyo? Utakwenda kuwasumbua watu bure."

"Ndiyo," alimjibu, "nnakwenda kuwasumbua. Safari hii nataka kuwasumbua mpaka wachoke."

Hatukupeleka salamu. Niliomba ruhusa chuoni, tukapanda gari la abiria Darajani na vikapu vya watu na kuku wao, na Maalim akafungiwa miguu kwa kitambaa kikubwa. Yule bibi mjane alipotuona tunateremka alishika kichwa.

"Mwalimu! Mbona hamkuleta habari? Mnataka kuniaibisha? Maalim mzima namwekea nini?"

"Tutakula mnachokula," Maalim alisema.

"Hayo maneno ya njiani. Kaeni hapo."

Tulikaa barazani, ubavuni mwa skuli. Haukupita muda, mtu mmoja alikwenda mlangoni mwa darasa, akanong'ona na mwalimu. Mtoto wa kwanza akatoka. Akafuata mwingine na mwingine. Wengine walikimbilia pwani na vijiti vyao, wengine kwenye minazi. Msichana mmoja alipita mbele yetu amekumbatia birika lile lile lenye nakshi, akainama kutuamkia, akaendelea mbio. Maalim aliwatazama wote. Midomo yake ilikuwa ikitembea, nikajua anahesabu. Kisha ikaacha kutembea.

Wali ulipoletwa jioni, alikula kidogo, akasema ahsante, akanawa. Bibi alisikitika akidhani pweza hakuiva.

Siku ya pili ilikuwa kama ya kwanza, tena zaidi, maana habari zilikuwa zimeenea na sheha naye alileta kuku. Usiku ule Maalim aliniuliza kama nina uhakika. Nilisema ninao. Sikuwa nao. Nilikuwa tayari nimeshaanza kufikiri kwamba labda yaliyonitokea mimi yalikuwa ya bahati tu, kwamba mzee kama yeye angebaki mgeni hata akikaa mwezi, na kwamba nimemvunjia mtu kitabu kwa sababu ya muhogo mmoja.

Asubuhi ya siku ya tatu bibi alituwekea muhogo na chai kavu, akaenda zake jikoni. Tulipokuwa tunakula alitoa kichwa mlangoni.

"Maalim," alisema, "chumvi imenishia. Watoto wako skuli na mimi mikono yangu ina tui. Duka lile pale, lenye mlango wa kijani. Nenda polepole na miguu yako."

Nilisimama upesi ili niende mimi. Maalim alinizuia kwa fimbo.

"Kaa. Nimetumwa mimi."

Alikwenda. Nilimwona akiuvuka mchanga kwa taabu, mtu aliyefundisha nusu ya maofisa wa mji, ameshika kanzu yake kwa mkono mmoja. Alirudi na pakiti ya chumvi, na njiani akapita dirishani mwa darasa. Alisimama pale. Watoto walikuwa wakisoma kwa pamoja, benchi baada ya benchi, na wawili watatu wamekaa chini mbele ya ubao. Nilingoja nione midomo yake ikitembea. Haikutembea. Hakuhesabu. Alisimama mpaka mwalimu alipomwona akataka kutoka kumpokea, naye akamwashiria kwa mkono aendelee, akaondoka.

Tulikaa siku nyingine kadhaa. Bibi alimtuma tena, na mara moja alimgombeza kwa kusahau kiberiti.

Tuliporudi mjini aliandika ukurasa mmoja wa kueleza kosa lake. Mchapaji aliupiga kwenye karatasi nyembamba, na mimi na yeye tukakaa chumbani kwake na kibakuli cha gundi ya unga wa ngano, tukiubandika katika kila nakala mwishoni mwa ile sura. Nilimshauri tuichane sura yenyewe, itakuwa safi zaidi.

"Hapana," alisema. "Mwalimu mpya lazima asome nilivyohesabu, aamini, kisha ageuze ukurasa. Ukiitoa atakwenda shamba na kosa langu lile lile kwapani mwake." Alipaka gundi, akapangusa pembeni kwa kidole. "Na jina la yule bibi halimo. Nilimuuliza, akasema aibu ya mgeni haiandikwi. Basi nimeandika aibu yangu tu."

Kamati ilikaa tena kabla ya masika, ikakikubali kitabu pamoja na ukurasa wake, na nakala zikaletwa chuoni. Nilikwenda Malindi kumwambia, na baada ya masika nikaenda tena kumwamkia. Maalim hashuki tena ngazi siku hizi. Aliitikia kwa kichwa, akaniuliza wanafunzi wanasema nini. Nilimwambia wengine hucheka, wengine hukasirika kwa niaba yake, na mmoja kutoka Mkokotoni alisema kwao ndivyo hivyo hivyo.

"Na ule ukurasa? Upo?"

"Upo, Maalim."

"Haujabanduka?"

Unyevu wa masika ulikuwa umeingia kabati la chuo, na katika nakala nyingi ukurasa ulikuwa umenyanyuka pembe, katika nyingine umeshikilia kwa upande mmoja tu. Nilifikiri nimjibu vipi.

"Unabanduka, Maalim," nilisema. "Lakini mimi nipo."

Kesho yake nilikwenda chuoni mapema, nikakoroga unga na maji ya moto, nikakaa na nakala zote mezani, na kuanza kubandika upya.